Mchezaji kalivaa taji badala ya kulipeleka likavunjwe, nifanyeje?

Swali: "Shikamoo kaka. Naendesha kampeni ya Dungeons & Dragons toleo la 5, ule mchezo wa mezani ambao mwendeshaji anasimulia stori na wachezaji wanaigiza wahusika kwa kurusha dadu, tupo mwezi wa kumi na moja sasa, wachezaji wanne, levo ya 9. Nilitunga taji la kale linaloweza kuamrisha wafu. Adui mkuu analitafuta, na mpango ulikuwa wachezaji waliibe, walipandishe kwenye hekalu la mlimani, livunjwe pale na stori iishe. Juzi wameliiba vizuri tu, wakafika mtoni jeshi la maiti likawazunguka, mchezaji wangu wa kasisi akasema 'nalivaa'. Nikamuuliza una uhakika? Akasema ndiyo, nalivaa na nawaamrisha wote warudi nyuma. Nikasema jamani tuishie hapa leo. Jumamosi tunacheza tena. Nusu ya akili inaniambia niseme kwake halifanyi kazi, nusu nyingine inaniambia nilete mwizi usiku alichukue. Mpango wote umekufa. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi nakupa kwanza ili upate usingizi: jeshi linarudi nyuma. Linarudi kweli, lote, bila ujanja wa pembeni. Taji linafanya kazi kichwani kwake vilevile ulivyosema mwenyewe kwamba linafanya kazi, na mwizi wa usiku haji. Baada ya hapo ndo tuanze kuongea, maana Jumamosi una kazi kubwa, ila ni kazi tamu, na mimi ningetamani niwe kwenye meza yenu siku hiyo.

Kuna kitu naona hukukiona kwa sababu ulishtuka. Kasisi ni nani kwenye huu mchezo? Ni yule mtu ambaye kuanzia levo ya 2 akiinua alama ya mungu wake maiti wanakimbia, na akifika levo ya 5 wale dhaifu wanasagika kabisa. Yaani miezi kumi na moja yote huyu mchezaji amekuwa akifanya kazi ya kuwaambia wafu warudi nyuma. Juzi amezungukwa na wafu wengi kuliko uwezo wake, na mkononi ameshika taji linaloamrisha wafu, sasa hapo ulitegemea afanye nini? Wewe unaona amekuvurugia mpango, mimi nikisoma naona mtu aliyekuwa anakusikiliza kuliko wote mezani, alishika ulichosema kuhusu taji, akashika ulichosema kuhusu jeshi, akakumbuka mhusika wake ni nani, akaviunganisha vyote kwenye sekunde ileile ya hatari. Ukimwambia halifanyi kazi unamwadhibu kwa kukusikiliza, na wenzake watatu wanaona, na wote wanne wanajifunza kwamba ukiwaeleza kitu wasikitilie maanani sana.

Nayasema haya kwa sababu hilo kosa nimelifanya mimi mwenyewe na mpaka leo linaniuma. Miaka mingi iliyopita niliwapa wachezaji wangu fimbo inayogawanya maji. Kichwani kwangu ilikuwa ya kuvukia bahari mwisho wa kampeni, nilishaichora hiyo sini mpaka maneno ya nahodha. Sasa mchezaji mmoja, binti mwenye akili sana, alivyofika kwenye ngome ya adui akauliza hili handaki lililojaa maji kuzunguka ukuta lina kina gani, nikamjibu, akauliza msingi wa ukuta umejengwa juu ya udongo gani, nikamjibu bila kujua anakwenda wapi, alafu akasema basi nagawanya maji ya handaki hapahapa chini ya kona ya mnara ili wenzangu wachimbe msingi. Ilikuwa wazo zuri kuliko chochote nilichoandika mwaka ule. Mimi nikaogopa. Nikasema fimbo inatoa mwanga hafifu alafu inazima, imeishiwa nguvu, itarudi baada ya mwezi. Aliniangalia kidogo akasema sawa. Kuanzia siku hiyo kabla hajafanya kitu chochote alikuwa ananiuliza "naruhusiwa?", na baada ya wiki kama tatu hivi akaacha hata kuuliza, akawa anarusha dadu ikifika zamu yake basi. Bahari waliivuka kama nilivyopanga. Hakuna aliyeshangilia.

Kwahiyo mwizi wa usiku naomba umsahau. Na kuna sababu nyingine nakutahadharisha nayo mapema, maana mtu atakuja kukushauri: kwa sheria za toleo la 5 kifaa kikubwa cha uchawi kwa kawaida lazima mtu ajiunganishe nacho kwanza, apumzike saa nzima akikishika, na hawezi kuwa na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Mtu atakwambia si rahisi tu, sema hajajiunganisha, halifanyi kazi. Ungeisema pale mtoni wakati anauliza, sawa, ingekuwa sheria. Ukija kuisema Jumamosi baada ya kumwachia atangaze na kukatisha mchezo pale, siyo sheria tena, ni mlango wa kutorokea, na atajua. Wewe ulimuuliza una uhakika, akakujibu. Hiyo ni ahadi.

Sasa hivi vitu vyenyewe tuvielewe vimetoka wapi, maana kwenye asili yake kuna msaada mkubwa kwako. Dungeons & Dragons ilitoka 1974, na vifaa hivi vya nguvu za kupindukia viliingia kwenye kitabu cha nyongeza cha 1976, humo ndo Mkono na Jicho la Vecna, viungo vya mchawi mfu wa kwenye huu mchezo, vilionekana kwa mara ya kwanza. Nguvu zake hawakuzikamilisha wao, waliweka majedwali wakamwachia mwendeshaji achague, na kitabu cha mwongozo cha 1979 kikaendelea hivohivo, kina mistari mitupu kabisa ujaze kwa kalamu yako. Maana yake hata mchezaji aliyekariri kitabu chote hajui kilichopo mezani kwako. Napenda sana hiyo mistari mitupu. Inasema kazi ya mwendeshaji ni kukijua kifaa, akijue kabla hakijafika mikononi mwa watu. Na hapo nitakuwa mkweli kwako mdogo wangu, nadhani tatizo lako halisi ndo hili: ulijua taji litavunjwaje, hukujua likivaliwa linakuwaje, kwa sababu hukutegemea livaliwe. Mistari yako ilibaki mitupu. Ukimpa mtu taji, kwa asili yake taji ni la kuvaa.

Angalia huo Mkono wa Vecna kwenye kitabu cha toleo la 5 cha 2014. Ili uutumie lazima ukate mkono wako mwenyewe wa kushoto kwenye kifundo, uubandike ule wa maiti. Ukishaubandika unapata nguvu za kutisha, ila kila ukifanya uchawi uliomo ndani yake, mkono wenyewe unakugeukia na kukushawishi ufanye tendo ovu, na ukitolewa unakufa. Mimi huwa nawaambia waendeshaji wachanga wakisome hiki kifaa kimoja taratibu kuliko kusoma vingine ishirini. Bei ya kwanza inaonekana wazi kabla hujalipa, hakuna aliyedanganywa, mtu anakata mkono akijua. Nguvu inatolewa kamili. Alafu bei ya pili inakuja kidogokidogo kila unapotumia, na inakuja kwa namna ya ombi ambalo mchezaji analazimika kulijibu kwa matendo.

Hali kadhalika zile karata maarufu za uchawi za mwaka 1975, zile zenye kuzawadia mtu matakwa au kumfungia roho yake mbali na mwili, ambazo waendeshaji wengi wanaziogopa mpaka leo. Kuna sharti dogo mle ambalo kwangu ndo linabeba kila kitu: kabla hujavuta hata moja, lazima utangaze utavuta ngapi. Ukishatangaza imekwisha. Ndo maana watu wanazikumbuka kwa furaha hata zilipowaangamiza, walisema wenyewe kwa mdomo wao.

Basi tukae sasa na taji lako. Chukua karatasi, jaza ile mistari. Mimi ningejiuliza mambo matatu, na la kwanza ndo watu wanaliruka: linafanya nini hasa? Siyo "linaamrisha wafu", hilo ni jina tu. Linawafikia wafu walio umbali gani, wanaomuona aliyevaa, wanaomsikia, au wa nchi nzima? Amri inadumu mpaka lini, mpaka jua lichomoze, mpaka atoe nyingine, mpaka alale? Wenye akili zao kama wale wachawi waliojifufua wenyewe wanatii au wanasikia tu? Ukishaandika hivi utaona hofu yako inapungua, maana kitu kisichokuwa na mipaka ndo kinachotisha, na hapa mipaka hujaitangaza bado kwahiyo unayo haki ya kuiweka, mradi tu isifute kile alichofanya juzi. Mfano mimi ningesema linawafikia wote wanaoisikia sauti yake, na amri inashika mpaka atakapolala. Umeona hapo? Jeshi limerudi nyuma, ameokoa wenzake, hakuna aliyemdanganya, ila sasa kuna usiku unakuja na kasisi ana usingizi. Hujamwekea adhabu yoyote. Umempa swali.

Hapa nikuonye kitu kimoja kwa nguvu zote, usiwe jini la chupani. Unajua yale masimulizi ya mtu anatamani kitu na jini linampa kwa maneno yaleyale ila kwa maana ya kumuumiza, basi waendeshaji wengi wanadhani huo ndo ustadi. Kasisi amesema warudi nyuma, wewe useme sawa wamerudi nyuma hatua moja alafu wakaendelea kushambulia. Usifanye. Kwenye uchawi wa kutamani wa toleo la 5 mwendeshaji amepewa uhuru mkubwa wa kuamua matokeo mtu akitamani kitu kilicho nje ya orodha iliyoandikwa kitabuni, na kuna asilimia 33 ya kwamba mchawi hataweza kuufanya tena maishani, ile ni bei na imeandikwa wazi, mimi sina shida nayo hata kidogo. Shida ni kupinda maneno. Ukipinda mara moja tu, kuanzia siku hiyo wachezaji wanaanza kuandika amri zao kama mikataba, wanakaa nusu saa wanajadiliana koma iwekwe wapi, na mchezo umekufa hapo mezani huku kila mtu akiwa na adabu kabisa. Mpe mtu alichokusudia, alafu mdai bei yake uso kwa uso.

Jambo la pili ndo hilo la bei. Linachukua nini? Wengi wanakimbilia namba, kila akitumia anapoteza pointi kadhaa za uhai, na namba siyo mbaya ila haitoi stori, kasisi anajitibu mwenyewe asubuhi na mmerudi palepale. Tafuta bei inayogusa kitu ambacho huyu mtu anakijali. Kasisi anajali nini? Mungu wake. Kitabu cha mwongozo cha 2014 kina majedwali ya tabia mbaya za kuviongezea hivi vifaa, na ipo moja mle huwa naipenda sana: maji yote matakatifu yaliyo ndani ya futi 10 kutoka kwako yanaharibika. Kwa mpiganaji wa upanga hiyo si kitu. Kwa kasisi aliyevaa taji la wafu anayetakiwa kupanda hekaluni, fikiria anaingia mlangoni na beseni la maji ya baraka linakauka mbele ya makasisi wenzake. Hajapoteza hata pointi moja lakini meza nzima itakaa kimya.

Au lifanye taji liwe na nafsi. Toleo la 5 lina utaratibu mzuri wa vifaa vyenye akili, kinapewa alama zake za akili, busara na haiba kama mtu, kinaweza kuongea au kumpa tu mhusika hisia, kina shabaha yake, na kikigombana na aliyenacho mhusika anapimana nguvu nacho kwa dadu la haiba. Akishindwa, kifaa kinatoa madai yake, na kisiposikilizwa kinaweza kufika mahali pa kujaribu kumtawala kwa saa kadhaa. Huo utaratibu utumie, ila hiyo hatua ya mwisho ya kumtawala iache mbali sana, ikiwezekana usiifikie kabisa. Mchezaji mezani hana dunia, hana adui, hana hali ya hewa, vyote hivyo ni vyako, yeye ana mtu mmoja tu. Ukimchukua huyo mtu amebaki na nini? Anza na madai, na yawe madai yenye hoja. Taji limwambie: hawa maiti wa mtoni wana majina, nakutajia. Limwambie mmoja wao ni nani. Nimeona kifaa kinachoomba kitu cha kueleweka kikimtesa mchezaji kwa wiki nne mfululizo, na kile kinachopiga kelele "ua, ua" kikipuuzwa siku ya kwanza tu.

La tatu, nani amejua? Hapa ndo utapata Jumamosi yako yote na zinazofuata. Adui mkuu alikuwa na jeshi, jioni ile jeshi likageuka likaondoka. Huyo hawezi kukaa akisubiri wachezaji wampandie. Kaa kwenye kiti chake ufikiri kama yeye: amepoteza jeshi lakini amejua taji lipo wapi na limevaliwa na nani, na kama alishalisoma vizuri anajua kwamba aliyelivaa lazima atalala. Atatuma watu walio hai sasa, wale ambao taji haliwaamrishi. Makasisi wa mlimani nao wamehisi. Wanakijiji walioko ng'ambo ya mto wameona mtu amesimama mbele ya maiti elfu na maiti wametii, unadhani wanamwona mkombozi au wanamwona mfalme mpya wa wafu? Wengine hivi, wengine vile, na hilo la kugawanyika ndo zuri.

Mimi kwa haya mambo natumia saa za duara kama zile za Blades in the Dark, mchezo mwingine wa aina hii uliotoka 2017, unachora duara unaligawa vipande 4 au 6 au 8, kila kitu kikisogea unapaka kipande, likijaa jambo limetokea. Chora mbili tu. Moja ya watu wa adui kuwafikia, vipande 6. Nyingine ya taji kushika mizizi kichwani, vipande 8, na kila amri anayotoa ni kipande kimoja. Hiyo ya pili iweke mezani waione. Najua kuna wanaopenda kuficha, mimi nimeshajaribu njia zote mbili na naamini inayoonekana inatisha zaidi, mchezaji anafungua mdomo kutoa amri, anaangalia duara, anafunga mdomo.

Sasa tuje kwa wale watatu wengine, na hapa naomba usome taratibu maana kwenye swali lako hujawataja kabisa. Hatari kubwa ya taji haipo kwenye mpango wako, ipo kwamba mtu mmoja mezani sasa ana jeshi na wengine wana panga na vitabu. Wakikaa wiki mbili wanamtazama kasisi akitatua kila kitu, watachoka, na watachoka kimyakimya kwa sababu ni marafiki zake. Kwahiyo kila unachokiandaa kiwe na sehemu ambayo taji halifiki. Watu wa adui walio hai, hao wanamhusu mpiganaji. Maandishi ya zamani yanayosema taji linatolewaje, hayo mpe anayependa vitabu. Na kabla hujafanya lolote kubwa Jumamosi, wageukie hao watatu kwa majina ya wahusika wao uwaulize mmojammoja: umemwona mwenzako amevaa kile kitu na maiti wamemtii, umejisikiaje? Usiruke hili, hata kama linachukua dakika ishirini. Mara nyingi humo ndo inatoka stori ambayo ungehangaika wiki nzima kuitunga, mmoja anasema mimi namwogopa sasa, mwingine anasema mimi nataka tulitumie tumalize vita, na wewe umekaa tu unasikiliza unaandika.

Na pia mpigie simu huyo wa kasisi kabla ya Jumamosi. Usimwombe abadilishe chochote. Mwambie ulichofanya kimenishtua na nimekipenda, linafanya kazi, ila litakuwa na bei na bei itamgusa mungu wa mhusika wako, upo tayari tuchezee hapo? Wengi watasema ndiyo kwa furaha, na akisema hapana, hataki imani ya mhusika wake iguswe, basi umejua mapema ubadilishe bei. Kumshtukiza mtu na jambo linalomuumiza kweli siyo ustadi.

Hekalu sasa. Umesema mpango umekufa, mimi siuoni ukiwa umekufa hata kidogo. Vifaa vya aina hii haviharibiki kwa nyundo, kila kimoja kina njia yake moja ya kumalizwa, kama Liyongo alivyokuwa hachomwi na silaha yoyote mpaka ile sindano ya shaba ya kitovuni. Njia ya taji lako bado ni lile hekalu la mlimani, hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwanzo walikuwa wanapandisha mzigo, na sasa mzigo upo kichwani kwa rafiki yao. Wakifika juu kuna swali ambalo kwenye mpango wa zamani halikuwepo: linavunjwa likiwa kichwani? Linatoka? Yeye anataka litoke? Na wenzake watafanya nini akisema hataki? Kwa kweli huu mwisho ni mzito kuliko ule ulioandika, na jibu lake usiliandike, hata kwa siri. Weka mlima, weka makasisi, weka njia mbili au tatu zenye gharama tofauti, alafu waache wapande.

Niguse na zile tabu nyingine kwa haraka maana najua zitakuja. Siku nyingine atatokea mtu akitupe kifaa chako baharini, sawa, kimo baharini, na bahari ina wenyewe, nao wamekiokota. Atatokea atakayemuuzia adui ili apate hela ya meli, mpe hela kamili na mpe adui kifaa kamili, usilegeze upande wowote. Atatokea aliyesoma kwamba ule mfuko usiojaa ukiingizwa ndani ya lile shimo la kukunja unafunguka mlango wa kwenda anga za mbali, vyote viwili vinaharibika na kila kiumbe kilicho ndani ya futi 10 kinavutwa, na atafanya hivyo miguuni pa adui wako mkuu kama bomu. Hiyo ni sheria iliyoandikwa, amelipa vifaa viwili vya thamani, mwache adui aende. Kama adui alikuwa ameshika kifaa chako kikubwa basi nacho kimeenda, hakijaharibika, kipo huko, na sasa una kampeni ya kwenda huko kama wakitaka.

Kuna wakati mmoja tu naona ni halali kurudisha nyuma kilichotokea: ukigundua umekosea wewe, umetoa kitu chenye nguvu kiasi kwamba wote mezani, na aliyenacho akiwemo, hawafurahii tena. Hapo usitume mwizi wala usizime mwanga. Simamisha mchezo, sema kwa sauti yako, jamani nilikosea kulipima hili, naomba tulipunguze kuanzia leo, mnaonaje turekebishe vipi. Watu wazima wakiombwa wanakubali. Wakiibiwa ndo wanakasirika.

Kwa Jumamosi yenyewe ningeanza hivi. Usisimulie muhtasari wa wiki iliyopita, anza palepale mtoni. Eleza sauti kwanza, maiti elfu wanageuka kwa pamoja, matope, chuma chenye kutu, hakuna anayepumua. Wanarudi nyuma mpaka ukingoni mwa msitu alafu wanasimama. Hawaondoki. Uso wao wote upo kwake. Waulize wale watatu lile swali la wamejisikiaje, wape muda wao. Alafu weka duara la vipande 8 katikati ya meza, paka kipande cha kwanza bila kueleza chochote, mwangalie kasisi umwambie jua linazama, bado wamesimama pale, wanasubiri neno lako, unawaambia nini?